Mwaka Tuliosoma Juu ya Magunia

Matangani kwa Mzee Karisa, ndani huko Kakoneni, kijana aliyekuwa akigawa chai aliniuliza kwa adabu nilimjuaje marehemu. Naona alinitazama akaona mwanamke wa mjini aliyevaa buibui, muuza vitambaa wa Malindi, asiyefanana na mtu wa ukoo ule wala na jirani wa shamba. Nikamwambia, "Tulijuana maktaba." Akacheka kidogo, akidhani nafanya mzaha wa kupoza msiba, kwa sababu mzee hakujua kusoma hata jina lake, na hakuna mtu pale asiyelijua hilo. Kadzo, binti wa marehemu, aliyekuwa amekaa nami mkekani tangu asubuhi, alinigusa goti. "Mwache tu, Mwanaidi," alisema. "Ukianza kumweleza, chai itapoa." Sikumweleza. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na mwaka mzima kifuani, na tangu siku ile umekataa kutoka, basi nauandika.

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya manjano, katikati ya miaka ya themanini, nami nilikuwa darasa la sita. Shule yetu ya msingi pale Malindi ilikuwa na maktaba, jambo ambalo shule nyingi za pwani wakati ule hazikuwa nalo. Kilikuwa chumba kimoja tu, stoo ya majembe kabla Mwalimu Wakio hajakiomba. Huyu Mwalimu Wakio alikuwa Mtaita, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, aliyeletwa kwetu kufundisha hesabu. Maktaba hakupewa na mtu, aliitengeneza mwenyewe. Rafu zilikuwa mbao za ujenzi zilizolazwa juu ya mawe ya matumbawe. Vitabu vingine vilitoka serikalini, vingine aliviomba katika mahoteli ya ufuoni, vile ambavyo watalii walivisoma wakaviacha vitandani, na kwa hiyo rafu nzima ya chini ilikuwa ya Kijerumani na Kiitaliano. Hatukuvitupa. Alituambia kitabu usichokielewa nacho kina mahali pake pa kukaa, kama mgeni, na siku za kufagia tulivipangusa vumbi sawasawa na vile vya Kiswahili.

Humo nilijifunza mambo ambayo hakuna mtihani uliowahi kuniuliza. Nilijifunza kunawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni na kuikausha kwa upepo, si kwa sare. Nilijifunza kuufungua ukurasa kwa kuushika pembe ya juu, bila kulamba kidole, na kwamba kitabu hakilazwi kifudifudi kama mtu aliyepigwa. Tulipika gundi ya unga wa ngano kwenye jiko la mkaa nje ya dirisha, tukaitia maji ya majani ya mwarobaini ili mende wasiipende, kisha tukavifunika vitabu kwa karatasi za mifuko ya saruji, zile za ndani zisizo na vumbi. Hadi leo nikimfungia mteja kitambaa, mikono yangu hukunja karatasi vile vile, pembe kwanza. Na kulikuwa na adhabu moja tu. Aliyechelewesha kitabu hakuchapwa, hakutozwa kitu. Alisimama mbele yetu akaisimulia hadithi yote iliyomo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama hakuisoma, aibu ilimtosha.

Masika ya mwaka ule yalikataa. Mjini njaa tuliijua kwanza kwa mazungumzo, maana sisi tulikuwa na samaki, na mtu mwenye samaki hachelewi kujiona tajiri. Nakumbuka alasiri moja nimekaa kizingitini pa jikoni kwetu najifanya nasoma, huku mama na jirani yetu Bi Time wanachambua mchele uliokuwa umekwisha kuwa mchanga kuliko mchele.

"Hayo mahindi ya manjano wanayoleta," Bi Time alisema, "huko Ulaya wanalisha ng'ombe."

"Na hao ng'ombe wa Ulaya umewaona walivyonona?"

"Wasema pia yanafunga uzazi."

"Basi nikipata nipikie sufuria mbili," mama alisema. "Mimi nimeshachoka."

Walicheka mpaka Bi Time akajifuta macho kwa pembe ya leso. Wiki haikupita tukapikiwa sima ya manjano kwa mchuzi wa papa. Ilikuwa tamu kidogo, ikinukia kama gunia. Tuliitazama sinia nzima bila mtu kunyoosha mkono, hadi mama akamega tonge la kwanza, akatafuna polepole, akasema, "Ni chakula," na neno hilo likamaliza mjadala nyumbani kwetu kwa mwaka mzima.

Shuleni mahindi yalikuja kwa lori. Ilisemwa kila mtoto atapikiwa pure ya mchana, mahindi na maharagwe, na watoto waliokuwa wameanza kuanguka gwaride la asubuhi wataacha kuanguka. Mwalimu mkuu alikuja maktaba huku wapakuzi wakimngoja nyuma yake. Sisi tuliokuwa wasaidizi wa maktaba tuliacha kazi tukasikiliza.

"Mwalimu," alimwambia Mwalimu Wakio, "hakuna chumba kingine chenye kufuli la maana. Itabidi uniachie hiki."

Mwalimu Wakio alitazama rafu, akatazama lori. Nilitaka apinge. Lakini ni nani anayeweza kupinga chakula? "Magunia yaingie," alisema. "Vitabu vibaki."

"Na watoto watakaa wapi?"

"Juu."

Mwalimu mkuu alifikiri anatania. Jioni ile wapakuzi walipokwisha kupanga, vitabu vilikuwa vimebanwa kwenye ukuta mmoja, na chumba kilichosalia kilikuwa mlima wa magunia uliofika karibu na boriti za paa. Tulipanda kwa miguu mitupu, tukakaa huko juu tumeinamisha vichwa, bati linatupikia utosi, fukusi wanatutambaa kwenye vifundo vya miguu. Nimesoma mahali pengi tangu wakati ule, kwenye viti vya hospitali, kwenye foleni, kwenye baraza ya duka langu wateja wakikosekana. Hakuna mahali nilipowahi kusoma kwa raha kama pale. Gunia la mahindi hulikalii tu. Hujisogeza chini yako taratibu mpaka likachukua umbo lako.

Kadzo alikuja na mahindi yale. Simaanishi kwenye lori. Namaanisha kwamba kama yasingekuwapo naye asingekuja. Kwao Kakoneni visima vilikuwa vimebaki tope, na baba yake akampeleka kwa shangazi yake mjini ili apate mlo wa shule. Hakuficha. "Kwetu shule iko, chakula hakuna," aliniambia baadaye. "Huku viko vyote viwili." Alikuwa wa rika langu, lakini masomo yalikuwa yamemkatikakatika, kwa hiyo waliwekwa darasa la tatu yeye na urefu wake wote, akawa anawatazama watoto wadogo kwa juu kama mlinzi wa bustani. Kiswahili alikisema kwa matamshi ya Kigiriama, na wapo waliomwiga. Wakati ule aliyesikika akisema lugha ya kwao shuleni alivishwa kibao shingoni mpaka ampate mwenzake wa kumvika. Mwalimu Wakio hakukiruhusu kibao kile kuingia maktaba. Aliyekivaa alikitundika kwenye msumari wa nje, akaingia akiwa mtu kama watu.

Siku ya kwanza Kadzo alitumwa na mpishi kuja kuchota mahindi kwa beseni. Mimi nilikuwa juu nawasomea watoto wa chekechea kisa cha mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Alichota, akajitwika, kisha akasimama pale pale na beseni kichwani, uso ameuelekeza ukutani, anasikiliza. Mpishi aliita mara kadhaa. Kesho yake alipanda juu bila kuulizwa, akaniwekea kidole kwenye ukurasa. "Hapa pasema nini?" Hakuniuliza herufi ile inaitwaje. Aliniuliza pasema nini, kama kwamba kuna mtu ndani ya karatasi na mimi ndiye mkalimani.

Nikamfundisha. Tulipanga herufi kwa punje za mahindi juu ya gunia, za manjano juu ya kahawia, na somo likiisha kila punje ilirudi ndani. Alijua kusoma kidogo, kwa kugugumia. Kilichomkwamisha ni kwamba hajawahi kupewa kitabu akaachwa nacho. Alipoachwa nacho hakushikika. Alisoma midomo ikicheza, akasoma kwa kunong'ona, kisha siku moja midomo ikatulia na nikajua amevuka. Wakati huo wote shule ilikuwa inakula, na kadiri ilivyokula ndivyo tulivyoshuka. Kutoka kwenye boriti tulifika usawa wa dirisha, tukaanza kupata upepo, tukaiona miguu ya watu wanaopita, kisha nyuso zao.

Muhula wa tatu Kadzo alichelewesha kitabu. Hadi leo naamini alikichelewesha makusudi. Aliposimamishwa kusimulia, alianza na kisa kilichomo, cha mfalme na binti zake, lakini hakikukaa ikulu muda mrefu. Mfalme aliishi ng'ambo ya mto Sabaki. Binti zake walichota maji mahali ambapo mamba alilala akijifanya gogo, na Kadzo alilala chini kutuonyesha gogo lile linavyopumua. Watoto walisogea. Mpishi alikuja na mwiko mkononi, akasahau chungu. Mwalimu Wakio alikuwa amekikunjua kitabu kile mapajani afuate, akakifunga. Nami nilikuwa pale, mwalimu wa Kadzo, msomaji bora wa darasa la sita, na nilihisi mchomo mdogo chini ya mbavu, kwa kuwa niliona kwamba kuna kitu anacho ambacho sikumpa mimi. Mchomo ule ulipoa, nikabaki na kujivunia. Tulitoka tumeshikana mikono.

Kisha mvua ya vuli ikaja. Mjini tulicheza ndani yake. Siku chache baadaye mtu mmoja alisimama kwenye mlango wa maktaba, baiskeli ameiegemeza ukutani, kofia ameishika mkononi, miguu yake ina tope jekundu la bara. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na Kadzo alipomwona alishuka guniani akaenda kumpa mkono kwa magoti.

"Shikamoo, mzee," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, nimekuja kumchukua mtoto. Mvua imenyesha."

"Muhula bado haujaisha, Baba Kadzo."

"Mvua nayo haingoji muhula."

Nilimtazama Mwalimu Wakio. Nilidhani atamhubiria, walimu wetu walikuwa na hotuba za elimu tayari midomoni. Yeye alimuuliza, "Mbegu mmepata?"

"Kidogo. Mama yao ana mimba kubwa. Mikono haitoshi."

"Naelewa. Kwetu pia tunalima." Kadzo alikuwa anatazama chini. Halafu mwalimu akamwambia, "Chagua kitabu uende nacho."

Mzee Karisa alishtuka. "Mwalimu, kwetu ni mbali. Hicho kitarudije?"

"Si huja soko siku ya Ijumaa? Utakirudisha wewe."

Kadzo akachagua kile kile cha mfalme, na mzee akawekewa mikononi. Alikishika kama mwanamume anayepewa kichanga cha jirani, kwa hofu ya kukibana na hofu ya kukiangusha. Kadzo alipanda nyuma ya baiskeli bila kugeuka. Nilifika nyumbani nalia, na mama aliposikia sababu alisema, "Mtu anayerudi kwao kulima hulilii. Mlilie asiye na pa kurudi." Nikaendelea kulia vile vile, maana hekima ya mama ilikuwa ya watu wazima, na mimi nilitaka mwenzangu.

Ijumaa kadhaa zilipita bila kitu. Mtoto mmoja alisema kitabu kile kimeshawashiwa moto wa kuchomea mahindi. Mwalimu Wakio alimwambia akafagie. Kisha adhuhuri moja baiskeli ikaegemezwa ukutani, na Mzee Karisa akatoa kikapuni, chini ya mafungu ya mchicha, kitabu kilichofungwa ndani ya leso na kufungwa tena kwa kamba ya mkonge.

"Huyu kamaliza," alisema. "Anataka kingine."

Mwalimu akanituma nimchagulie. Nilikuwa nimeshakipata, nimekifunga kwenye leso ile ile, lakini mzee hakuondoka. Alisimama akizungusha kofia.

"Tena kisiwe kama hicho," alisema hatimaye. "Yule mfalme mwisho wake haukunipendeza."

"Kwani na wewe ulisikiliza?" Mwalimu Wakio aliuliza.

"Tukitoka kupalilia, jua likiwa kali, yeye husoma chini ya ukuta wa nyumba. Mimi napumzika pale karibu." Akafikiri. "Masikio hayana mlango."

Tangu siku ile akawa mtu wetu wa Ijumaa. Tulimwekea kigoda mlangoni. Alikunywa maji, akatoa hukumu. Kitabu kimoja kilikuwa na fisi anayezungumza sana, naye akasema aliyekiandika hajawahi kumsikia fisi. Kingine, cha mvulana aliyekwenda mjini akasahau kwao, alikirudisha kwa haraka, akasema kimemletea mkewe usingizi mbaya. Alituambia majirani wameanza kuja saa ile ya jua kali, kila mmoja na kazi yake ya mkono, mmoja anasuka kikapu, mwingine anapukuchua, na kwamba Kadzo akifika mahali pa huzuni hupunguza sauti hivi, na yeye mzee akaipunguza yake kutuonyesha. Mimi ndimi niliyechagua. Nilimchagulia Kadzo, lakini mkono ukiwa kwenye rafu nilijikuta nawaza: je, baba yake atapenda? Ndiyo mara ya kwanza nilipofahamu kwamba kumchagulia mtu kitabu ni kumfikiria. Katika biashara yangu ya vitambaa sijajifunza jambo kubwa kuliko hilo. Mteja anaingia, hasemi anataka nini, nami namtazama uso kwanza kabla sijanyoosha mkono juu.

Nimekaa na watu wengi wanaojua kusoma, na nyumba zao hazina kitabu hata kimoja. Silaumu, maisha yanakula muda. Lakini matangani, waombolezaji walipokuwa wakimsifu marehemu kwa minazi yake na kwa kuwa hakuwahi kugombana na mtu juu ya mpaka wa shamba, nilitamani mmoja aseme alikuwa msomaji. Pengine hakuna neno lake. Mwenye kusikiliza vile, akatoka mbali vile kwa baiskeli kutafuta cha kusikiliza, lazima awe na jina.

Shule ilifungwa Novemba. Mwalimu Wakio alimwachia mzee kitabu cha likizo, kinene kuliko vyote alivyowahi kubeba, hadithi ya mama aliyempoteza mwanawe sokoni akatoka kumtafuta mji kwa mji. Mimi nilikuwa nimeshakisoma, mara mbili, na mara zote mbili nililia.

Januari tulipofungua, siku za kwanza kabisa, baiskeli ile ilifika asubuhi, haikungoja Ijumaa. Kadzo alikuwa amekaa nyuma, amekumbatia mkeka uliokunjwa na kifurushi cha nguo. Sare yake ilikuwa mpya, imeshonwa kubwa ili adumu nayo. Mwalimu Wakio alitoka nje akijipangusa chaki.

"Mmeshavuna, Baba Kadzo?"

"Bado. Tutavuna mimi na mamake."

"Na mtoto mchanga?"

"Yupo, mzima. Tutavuna naye mgongoni." Alisema bila kutabasamu. "Mwalimu, nimechoka kuchaguliwa hadithi na watoto. Nimemleta mwenyewe achague."

Kadzo alishuka akaja kusimama kando yangu, bega kwa bega, akinukia moshi na mafuta ya nazi. Alimaliza shule pale. Baadaye akasomea ukunga, na watoto wengi wa Kakoneni walio wazima leo walipokewa na mikono yake. Siku ile hatukuyajua hayo. Tulimtazama tu baba yake akitoa kitabu kikapuni, akikifungua leso, akimkabidhi mwalimu kwa mikono miwili. Akaaga. Akaisukuma baiskeli mpaka karibu na lango, akasimama. Akairudisha.

"Mwalimu," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Hicho hatukukimaliza. Kujitayarisha kuja shule kulitukatiza. Yule mama, alimpata mwanawe?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu Wakio aliniwekea mkono begani, nikaufunga.

"Hiyo utaisikia Aprili, mzee," alimwambia. "Shule ikifungwa, Kadzo atakuja nacho nyumbani akusomee."

"Aprili ni mbali."

"Ni mbali," mwalimu alikubali.

Alitazama paa, akatazama mahali binti yake aliposimama, akavaa kofia. Mwalimu aliingia ndani na Kadzo akamfuata na mkeka wake. Mimi nilibaki pale nje. Mzee Karisa alifika langoni, akageuka mara moja, na hakutazama mlango wa maktaba, alinitazama mimi. Nikainamisha kichwa, kidogo tu: ndiyo. Akasimama kidogo kama mtu anayepokea kitu mkononi. Kisha akapanda baiskeli akashika njia ya kwao.